Wasomi wasiosomana

Umoja wa Saikolojia wa Afrika ulianzishwa Paris. Ilikuwa Julai 2014, wakati wa Kongamano la 28 la Kimataifa la Saikolojia Tumizi, na sababu yake haihitaji mtaalamu kuieleza. Viongozi wa vyama vya saikolojia vya nchi kadhaa za Afrika walikuwa wameshafika pale. Kuwakusanya upya Nairobi, Accra au Dakar kungetaka nauli nyingine, hoteli nyingine na mfadhili mwingine.

Wazo lenyewe lilishika moto miaka miwili kabla ya hapo, Cape Town, mji huo ulipopokea Kongamano la 30 la Kimataifa la Saikolojia. Kongamano la kwanza la mfululizo huo lilifanyika Paris mwaka 1889, kwa hiyo fani hii ilihitaji miaka 123 kukanyaga ardhi ya Afrika kwa mkutano wake mkuu. Aliyeongoza maandalizi ya Cape Town alikuwa Saths Cooper, mwanaharakati wa vuguvugu la Black Consciousness lililoongozwa na Steve Biko, aliyefungwa Robben Island kwa siasa zake na baadaye akawa mwanasaikolojia. Mwaka huohuo alichaguliwa rais wa umoja wa dunia wa wanasaikolojia. Kongamano la kwanza la umoja wa Afrika nalo likafanyika Durban, Septemba 2017.

Nimesikia wasomi wetu wakilicheka jambo hili la Paris. Mimi silicheki, kwa sababu chama cha kikanda ambacho kwa maoni yangu kimefanikiwa kuliko vingine vyote katika fani hii kilianza kwa aibu kubwa zaidi. Nakizungumzia Chama cha Ulaya cha Saikolojia Jamii. Kilisukumwa na Mmarekani, mkutano wake wa kwanza ukalipiwa na ofisi ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, na sababu ya kukianzisha ilikuwa kwamba wasomi wa Ulaya walikuwa hawajuani.

Mmarekani huyo alikuwa John Lanzetta, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyekuja London kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipozunguka kutembelea wenzake wa bara la Ulaya aligundua kitu ambacho wenyeji hawakukiona kwa kuwa walikizoea. Mtafiti wa London aliweza kukueleza nini kinaendelea Michigan na Yale. Mtafiti wa Paris aliweza kukueleza hayohayo. Ukiwauliza habari za wao kwa wao, hakuna kitu. Mtu wa Leuven na mtu wa Utrecht, mwendo wa saa chache kwa treni, walisikiana habari kupitia Boston.

Haikuwa ajabu ukikumbuka vita. Hitler alikuwa amewafukuza au kuwaua wengi waliokuwa wakijenga fani hiyo Ujerumani na Austria. Kurt Lewin, ambaye saikolojia jamii ya leo inamdai sana, alikimbilia Marekani na akafia huko mwaka 1947. Baada ya vita fedha zilikuwa Marekani, majarida yalikuwa Marekani, na kijana wa Ulaya aliyetaka kujiendeleza alipata ufadhili wa kwenda Marekani. Akirudi nyumbani anarudi na anwani za Wamarekani mfukoni. Msomaji wa Dodoma au wa Eldoret anaweza kubadilisha majina ya miji mwenyewe.

Lanzetta na wenzake wa Ulaya wakaitisha mkutano Sorrento, Italia, Desemba 1963. Mwaka uliofuata, Desemba tena, wakakutana Frascati, karibu na Roma, wakachagua kamati ya watu watano kuandaa chama: Gustav Jahoda, Serge Moscovici, Mauk Mulder, Jozef Nuttin na Henri Tajfel. Mwaka 1966, katika monasteri ya kale ya Royaumont, kaskazini mwa Paris, chama kikazaliwa rasmi na Moscovici akawa rais wa kwanza.

Waangalie watatu kati ya hao watano. Tajfel alizaliwa Włocławek, Poland, mwaka 1919, katika familia ya Kiyahudi. Vita vilimkuta Ufaransa akisoma kemia, akaingia jeshi la Wafaransa, akatekwa na Wajerumani. Alipona kwa sababu waliomteka walimhesabu kuwa mfungwa wa kivita Mfaransa. Wangejua ni Myahudi wa Poland, habari yake ingekwisha mapema. Aliporudi, karibu jamaa zake wote walikuwa wameuawa. Moscovici alizaliwa Brăila, Romania, mwaka 1925. Alifukuzwa shule kwa sheria za kuwabagua Wayahudi, akanusurika mauaji ya Bucharest ya Januari 1941, akafanyishwa kazi za shuruti, akaingia Paris mwaka 1948 akiwa mkimbizi. Jahoda alikuwa mzaliwa wa Vienna ambaye maisha yalimfikisha Uingereza. Kwa maneno mengine, chama cha Ulaya kiliasisiwa kwa sehemu kubwa na watu ambao Ulaya ilikuwa imejaribu kuwafuta.

Jahoda ana jambo moja zaidi linalotuhusu. Kati ya mwaka 1952 na 1956 alifundisha katika chuo kikuu cha Gold Coast, ambayo muda mfupi baadaye ikawa Ghana. Huko Waashanti humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na huamini kwamba siku ina tabia yake: Kwadwo wa Jumatatu ni mtulivu, Kwaku wa Jumatano ni mkorofi. Jahoda akaenda kwenye kumbukumbu za mahakama ya watoto ya Kumasi akahesabu majina. Akina Kwaku walijitokeza zaidi kuliko ilivyotarajiwa katika makosa ya kupigana na kujeruhi, na akina Kwadwo walikuwa wachache. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1954. Hakusema nyota zinafanya kazi. Alisema inawezekana mtoto anayekua akisikia kila siku kwamba yeye ni mkorofi huishia kuwa mkorofi. Ni utafiti mdogo na wa bei rahisi, wenye swali ambalo lisingemjia mtu asiyewahi kuishi pale. Mjumbe wa kamati ya Frascati alikuwa amejifunza Kumasi kwamba mahali hutoa maswali yake.

Kutoka Royaumont ingewezekana chama kiishie kwenye katiba na picha ya pamoja. Kilichokiokoa ni mambo matatu ya kazi, na ninayataja kwa mpangilio wa umuhimu ninavyouona mimi. La kwanza, mafunzo ya vijana wakati wa likizo. Leuven, kiangazi cha mwaka 1967, watafiti chipukizi kutoka nchi tofauti walikaa pamoja kwa wiki kadhaa, wakagawanywa katika vikundi, kila kikundi na mwalimu wake, na kazi yao haikuwa kusikiliza mihadhara bali kubuni jaribio la kisayansi na kulifanya. Mtu uliyekorofishana naye juu ya dodoso hadi saa saba za usiku hamsahauliani. La pili, mikutano midogo, ikiwemo ya kuwavusha wenzao wa Ulaya Mashariki. Mmoja ulipangwa ufanyike Prague mwaka 1968. Usiku wa Agosti 20 kuamkia 21 vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake vikaingia Czechoslovakia. Palizuka ubishi mkali kama ni haki kwenda, na mwishowe wakaenda, Oktoba, mji ukiwa bado chini ya majeshi ya kigeni. La tatu, jarida lao wenyewe, lililoanza kutoka mwaka 1971.

Ukitaka kuona matunda, fungua mwaka wa kwanza wa jarida hilo. Humo kuna makala iliyoandikwa na Tajfel, Michael Billig, R. P. Bundy na Claude Flament. Watatu ni wa Bristol. Flament ni wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, na ndiye aliyechangia hisabati ya majedwali yaliyotumika. Miaka kumi kabla yake, mtu wa Bristol na mtu wa Aix wangekutana Marekani kama wangekutana kabisa.

Jaribio lenyewe ni maarufu. Wavulana wa shule moja ya Bristol, wenye umri wa miaka 14 na 15, walionyeshwa picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, bila kuambiwa ipi ni ya nani, wakaulizwa ipi wanaipenda. Kisha wakaambiwa wewe uko kundi la Klee, wewe la Kandinsky. Kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Kila mmoja akaketi peke yake na kijitabu cha majedwali, achague safu: namba ya juu ni pointi za mvulana fulani, ya chini ni za mwingine. Wavulana hao hawakuwa na majina, ni namba na kundi tu. Mwenyewe hajipi chochote. Kila pointi ilikuwa na thamani ya sehemu ya kumi ya peni.

Katika moja ya majedwali hayo, upande mmoja mtu wa kundi lako anapata pointi 7 na wa kundi la pili anapata 1. Upande wa mwisho wa pili mtu wako anapata 19 na yule anapata 25. Katikati wanapata 13 kwa 13. Mtu mwenye akili ya biashara angechagua 19 kwa 25, kwa kuwa wa kwake anavuna zaidi na fedha zinatoka kwa mtafiti. Wavulana hawakuvutwa huko. Walivutwa kuelekea upande ambao wa kwao anamzidi mwenzake, hata kama kwa kufanya hivyo wa kwao anapata pungufu. Hawakuwa na ugomvi wa zamani, hawakuwa na mali ya kugombea, hawakujua hata nani yuko nao kundini. Jina la kundi peke yake lilitosha.

Sidhani ninahitaji kumweleza mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kukaa jukwaani siku ya Simba na Yanga kwa nini matokeo hayo yanafaa kusomwa, wala Mkenya anayekumbuka miezi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Ninachotaka kusisitiza ni nani aliyeuliza. Saikolojia jamii ya Marekani ya wakati ule ilimtazama zaidi mtu mmoja mmoja: anafikirije, anashawishikaje. Watu waliotoka katika kambi za mateka na mauaji ya Bucharest walijua kwamba kuna siku mtu anakufa kwa jina la kundi lake tu, na walipopata jarida lao na wasomaji wao waliuliza swali lao. Moscovici naye aliuliza la kwake: wachache wanawezaje kuwageuza wengi? Nje ya chama kile, maswali hayo yangeweza kuulizwa vilevile. Sina hakika kama yangepata watu wa kuyabishia na kuyaboresha.

Sasa turudi mwaka ule wa mkutano wa Sorrento, 1963. Miezi michache kabla yake, mwezi Juni, kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo kimoja chenye ndaki Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Julius Nyerere akiwa mkuu wake. Wanasaikolojia wa Ulaya walikuwa hata hawajuani. Sisi tulikuwa na chuo kimoja kwa nchi tatu, mwanafunzi wa Moshi akienda Kampala kusoma udaktari na wa Masaka akija Dar es Salaam kusoma sheria. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa vikawa vyuo vikuu vitatu. Mwaka uliofuata Wazungu wakatoa jarida lao.

Sisemi kuvunjwa kwake kulikuwa kosa. Kila nchi ilitaka mainjinia na madaktari wake, tena haraka, na siasa za nchi hizo tatu zilikuwa zinaachana njia. Lakini kuna mali iliyopotea ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mgawanyo wa rasilimali: watu waliofahamiana. Majengo yaligawanywa, maktaba zilibaki zilipo, na kizazi kilichozoea kusahihishiana mitihani kikastaafu bila warithi. Leo mhadhiri wa saikolojia wa Tanzania huenda amesoma uzamivu wake Sweden, Uholanzi au Uingereza na anawajua wenzake wa huko kwa majina ya kwanza. Muulize nani anatafiti malezi ya watoto Makerere, au nani wa Chuo Kikuu cha Burundi anashughulikia majeraha ya vita. Atafungua simu atafute.

Tulipata nafasi nyingine, na hiyo nayo ilitupita. Kuanzia mwishoni mwa Desemba 1966 hadi siku za kwanza za Januari 1967 ulifanyika mkutano Ibadan, Nigeria, kuhusu utafiti wa saikolojia jamii katika nchi zinazoendelea. Kutokana na mkutano huo kilianzishwa kijarida cha kupashana habari, na mhariri wake wa kwanza akawa Harry Triandis, aliyekuwa akifundisha Illinois. Mtandao uliokua kutokana na kazi kama hizo ukawa chama cha kimataifa cha saikolojia linganishi ya tamaduni, kilichoanzishwa Hong Kong mwaka 1972 na Jerome Bruner wa Marekani akiwa rais. Ni chama kizuri na bado kipo. Nakiangalia tu jinsi kilivyosafiri: Ibadan, Illinois, Hong Kong.

Watafiti, hata hivyo, hawakuacha kuja. Kenya peke yake imewapa wageni vijiji vya kutosha kujaza rafu. Ngecha, kijiji cha Wakikuyu karibu na Nairobi, kilichunguzwa na timu ya John na Beatrice Whiting wa Harvard. Kokwet, kwa Wakipsigis, walikaa Sara Harkness na Charles Super. Usenge, kando ya Ziwa Victoria, ilifika timu ya Robert Sternberg na Elena Grigorenko pamoja na Wakenya, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Utafiti huu wa Usenge, uliochapishwa mwaka 2001, ni wa kusisimua. Watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15 walipewa mtihani wa dawa za miti shamba: mtoto ana dalili hizi, utamtafutia dawa gani? Wakapewa pia vipimo vya akili vya kawaida vya shule. Waliojua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa shule. Maelezo yaliyotolewa yanaeleweka kwa mzazi yeyote wa kijijini: kuna familia zilizoamua kwamba huyu ni wa shule na kuna zilizoamua kwamba huyu ni wa hapa nyumbani, na kila mmoja amejifunza alichotarajiwa kujua.

Matokeo hayo yanapaswa kumsumbua kila mwalimu wa chuo cha ualimu kuanzia Kisumu hadi Songea. Makala ilitoka katika jarida la ng'ambo, ikajadiliwa ng'ambo. Ningependa kuwasikia wanasaikolojia wa Mwanza wakiibishia. Je, watoto wa visiwa vya Ukerewe wangetoa matokeo yaleyale? Na wasichana je, ambao mara nyingi ndio wanaotumwa kuchuma hayo majani?

Jeffrey Arnett alipekua makala za majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani ya mwaka 2003 hadi 2007, na mwaka 2008 akachapisha hesabu yake: asilimia 68 ya watu waliochunguzwa walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Makala yake ilisababisha kelele nyingi na toba nyingi. Mimi toba hizo hazinipi raha, kwa sababu dawa iliyopendekezwa mara kwa mara ni kuwaongeza Waafrika katika orodha ya wanaochunguzwa. Kuchunguzwa tumeshachunguzwa. Kinachopungua ni meza ambayo mtu wa Mbeya na mtu wa Gulu wanabishana juu ya matokeo kabla hayajapelekwa popote.

Najua nitakachojibiwa: nchi hizi zinahitaji washauri nasaha na wanasaikolojia wa hospitali kwanza, vyama vya wasomi baadaye. Kenya ilitunga sheria ya kuwasimamia washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, na ni hatua ya maana. Lakini muuguzi wa zahanati anapomuuliza mama maswali 9 ya dodoso la sonona lililotungwa Marekani, kuna mtu anapaswa kuwa ameshakaa chini kujua kama mama huyo, ambaye shida yake ataianza kwa kulalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na mawazo mengi, anaonekana ndani ya maswali hayo. Kazi hiyo imeanza kufanywa hapa na pale. Inafanywa Nairobi, inafanywa Dar es Salaam, inafanywa Kampala, wakati mwingine dodoso lilelile, Kiswahili kilekile, bila timu moja kujua kwamba nyingine ilishamaliza.

Kuanzisha chama kwenyewe tunakujua, tena sana. Tutaita kikao, tutatunga katiba ya kurasa 30, tutabishana siku nzima kama kuwe na makamu wenyeviti wawili au watatu, tutamwalika mgeni rasmi ambaye atachelewa, tutashona fulana. Posho italipwa. Baada ya hapo kutakuwa na kundi la WhatsApp ambalo kwa wiki chache litakuwa na mijadala ya kitaalamu, kisha litabaki la rambirambi na matangazo ya kazi. Sidharau rambirambi, kuzikana ni sehemu ya umoja. Ila chama cha wasomi kinapimwa kwa idadi ya watu waliosoma kazi ya mwenzao wakamwandikia kwamba ukurasa wa tano umekosea.

Fedha za nje hazinitishi kama zinavyowatisha wengine. Waliokutana Sorrento walijua fika kwamba mlipaji ni jeshi la wanamaji la nchi nyingine, katikati ya vita baridi. Walizichukua. Kisha wakahakikisha kwamba uanachama unaamuliwa na wao wenyewe kwa kuangalia kazi ya mtu, mada zinachaguliwa na wao, na jarida linahaririwa na wao. Mfadhili alilipia vyumba na tiketi. Kwetu mara nyingi mpangilio ni kinyume: vyumba tunalipia wenyewe kwa kujibana, mada zinatoka kwa mfadhili.

Tusiwaige kila kitu, lakini. Kamati ile ya Frascati ilikuwa ya wanaume watupu, na chama kwa miaka mingi kilikuwa baraza la waliojuana. Mwaka 2019 chama hicho kiliamua kuondoa jina la Tajfel kwenye tuzo yake kubwa, baada ya kuwekwa wazi jinsi alivyokuwa akiwasumbua kingono wanawake, wakiwemo wanafunzi wake. Mtu aliyeeleza vizuri kuliko wengi jinsi kundi linavyomwonea asiye wa kundi alikuwa na watu aliowaonea ofisini mwake, na wenzake walinyamaza. Chama chetu kikiandikwa leo, kipengele cha kumlinda mwanafunzi dhidi ya msimamizi wake kinapaswa kutangulia kipengele cha makamu wenyeviti.

Ningekuwa na sauti katika Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki pale Kampala, nisingeomba kongamano. Ningeomba wiki tatu za likizo kila mwaka, wanafunzi wa uzamivu wasiozidi 30, mabweni ambayo yamebaki matupu, wali na maharage. Mwaka huu Makerere, mwakani Dodoma, mwaka unaofuata Huye, kisha Bujumbura, Lubumbashi, Eldoret. Wengi wangefika kwa basi. Kila kikundi kiwe na watu wa angalau nchi tatu, kitoke na jaribio moja lililokamilika, hata likiwa limeshindwa. Wa Lubumbashi na wa Bujumbura wamesoma kwa Kifaransa, wa Kampala kwa Kiingereza. Mezani watazungumza Kiswahili, kama wafanyabiashara wa mipakani wanavyofanya kila siku bila kuomba mkalimani. Jarida lifuate baada ya mafunzo ya tatu au ya nne, watu wa kuliandikia na kulihariri wakiwa wameshajulikana, na lipokee makala kwa lugha zote hizo tatu.

Kizuizi kikubwa hakiko kwa wafadhili wala kwa serikali. Kiko katika kamati za vyuo zinazopandisha watu vyeo. Mhadhiri mwenye makala nzuri anapiga hesabu: akiipeleka jarida la ng'ambo anapata pointi za kutosha kusogea kuelekea uprofesa, akiipeleka jarida la jirani anapata pointi chache au anaulizwa kama jarida hilo linatambulika. Kwa hiyo kazi bora inapanda ndege na jarida la nyumbani linabaki na mabaki, halafu kamati inasema, mnaona, majarida ya nyumbani ni dhaifu. Vyuo vinne au vitano vya kanda hii vikikubaliana kwa maandishi kwamba makala iliyopitiwa kwa ukali na wataalamu wa nchi mbili nyingine za Afrika Mashariki itahesabiwa sawa na ya London, hesabu ya mhadhiri huyo inabadilika siku hiyohiyo. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji mfadhili wala mgeni rasmi. Yanahitaji manaibu makamu wakuu wa vyuo wa taaluma wakae kikao kimoja, na baraza la kuwaitisha tayari lipo, lina ofisi na lina bajeti.